Fataki Isiyo na Chumvi

Jumanne ilikuwa na siku tisa sasa, na Kidawa alikuwa ameichoka kama mtu anavyomchoka mgeni asiyeaga.

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nane zilizotangulia, alifungua dirisha la karakana yake akamsikia muuza maandazi akipita chini akinadi, "Ya moto, ya leo Jumanne," kwa sauti iliyokwisha kuona haya. Jua lilikuwa limezama mara nane na kuchomoza mara nane. Lakini mji ule haukuhesabu siku kwa jua. Jua ni la kila mtu, walisema wenyeji, linamwakia adui kama linavyotuwakia sisi. Utalikabidhije hesabu ya nyumba yako? Siku ilikwisha pale bunduki zote zilizolia mchana wake zilipokuwa zimeoshwa. Hapo mpiga baragumu wa lango alipuliza mara moja, na Jumanne ikaipisha Jumatano.

Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi. Nyuma ya kila risasi hukaa fataki, kikombe cha shaba kisichozidi punje ya mtama, na ndani yake mna unga unaoamka ukigongwa. Bunduki hugonga fataki, fataki huiamsha baruti, baruti huisukuma risasi, na kinachofuata kila mtu anakijua. Tangu zama ambazo hakuna aliyezikumbuka, unga ule ulikuwa na chumvi ndani yake, na ulipoungua uliacha chumvi nyingine mtutuni, ndugu wa ile ya jikoni, isiyoonekana kwa macho. Chumvi huyaita maji kutoka hewani. Maji huiita kutu. Bunduki iliyolia mchana isipooshwa, asubuhi ya pili imeota vidonda. Kuipaka mafuta hakusaidii, chumvi hukaa chini ya mafuta ikisubiri. Dawa yake ni maji yanayochemka na si mengine, kwa kuwa maji hayo huiyeyusha chumvi, na chuma kikishika moto wake hujikausha chenyewe.

Kwa hiyo penye kila lango palikuwa na meko, na penye kila meko mwanamke aliyeitwa mmwagaji. Mlinzi aliyepiga bunduki alikuja na mtutu wake, akaushika juu ya jiwe, na mmwagaji akamimina birika la kwanza huku akiuliza, "Imesema nini?" Akimimina birika la pili aliuliza, "Imemwambia nani?" Birika la tatu halikuwa na swali, lilikuwa la kunyamaza. Aliyepiga kware alisema kware. Aliyepiga hewani kwa woga alisema hewa, wakamcheka, akacheka nao. Na aliyempiga mtu alisema mtu, akataja na jina. Hawakusema kwa sababu walikuwa wema. Walisema kwa sababu pa kujificha hapakuwapo: uoshe uulizwe, au usioshe, kutu ikusemee.

Mji mzima ulilala juu ya chumvi ile kama nyumba inavyolala juu ya msingi, na mwenye nyumba ni nani hata aufikirie msingi wake?

Kidawa aliufikiria. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wainame kumsikiliza, na hakuwahi kufundishwa ufundi na mtu. Alijifunza kwa kutazama. Hakuliita jambo bovu kabla ya kulitazama mara tatu, na mara nyingi baada ya mara ya tatu aliamua kulitazama tena. Kaka yake mmoja, Shomari, alikuwa mlinzi wa Lango la Mashariki. Mwaka mmoja ilinyesha mvua ambayo haikuacha ukuni mkavu, mabirika yakakaa baridi siku kumi na moja za jua, na siku ya kumi na mbili Shomari alipopiga bunduki kuwafukuza nyani kwenye mahindi, mtutu uliolika ukampasukia usoni. Watu walisema ameuawa na bunduki. Kidawa alisema ameuawa na chumvi, akaenda kununua daftari.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja. Alikata vibamba vya chuma vya urefu wa kidole, akavipa namba. Juu ya kila kibamba aliunguza fataki ya namna yake, akakitundika ndani ya mtungi wenye kitambaa kibichi, akafunika, akasubiri, akaandika. Kibamba cha kwanza kiliota kutu siku ya pili. Cha arobaini, siku ya tatu. Cha tisini kilikaa wiki nzima kikiwa safi kwa macho, akafurahi, kisha kikaoza chote mara moja, kama mtu aliyekuwa akijizuia kulia. Nywele zake zikawa nyeupe upande mmoja. Kibamba cha mia mbili na kumi na mbili kilikaa mtungini siku tisini, akakitoa, akaona uso wake ndani yake. Chumvi ilikuwa imetoka kwenye fataki, na mahali pake pameingia kitu kingine ambacho hakikumwita mtu.

Ghala ya Silaha ilichukua fataki mia tatu ikawapa walinzi sita wa Lango la Mashariki wazijaribu. Ikatoa na amri: bunduki zenye fataki mpya zihesabiwe zimeoshwa, na baragumu lipulizwe jua likizama. Meko ya lango hilo yakazimwa. Kwa siku ishirini mambo yakaenda vizuri. Walinzi, kama watoto waliofunguliwa mkono, walipiga makopo kutwa, mpaka hakuna aliyejua amebakiwa na risasi ngapi.

Ndipo ikaja Jumanne. Mchana, watu wakiwa vivulini na kila mlinzi katika pembe yake ya ukuta, bunduki ililia mara moja. Mzee Ngwali, mshona viatu, alikutwa amelala hatua arobaini nje ya lango, mkononi ana kiatu cha walinzi cha mguu wa kushoto. Viatu vya walinzi hufanana kama mayai, na walipokusanywa, wote sita walikuwa na viatu miguuni. Mitutu yao ikachunguliwa mmoja mmoja. Yote ilimeta. Kila mmoja alisema, "Si mimi," na kila mtutu ukasema vilevile. Jioni mpiga baragumu akapuliza, akapuliza tena, akapuliza hadi midomo ikavimba. Kulipokucha, mji uliamka ukaikuta Jumanne ikiwa bado imekaa.

Mjane wa Ngwali alikuwa Bi Mize, na Bi Mize ndiye aliyekuwa mmwagaji wa lango lile.

*

"Hodi."

"Pita, mtani. Umekuja kuangalia kama nimekonda?"

"Nimekuja kukaa."

"Basi kaa. Usiyasogelee sana meko, yana baridi, yatakutia kichomi."

Bi Mize alikuwa amekaa uani katika nguo zake za eda, mabirika matatu yamepinduliwa mbele yake kama kuku waliochinjwa. Kabila lake na la Kidawa walikuwa watani tangu enzi, na Ngwali pia alikuwa mtani wake. Kidawa alivua viatu, akakaa kwenye mkeka.

"Wewe unajua kuhesabu," Bi Mize alisema. "Hebu nihesabie. Eda ni miezi minne na siku kumi. Nimekaa siku tisa na bado niko siku ya kwanza. Nitatoka lini? Au nitazikwa na Jumanne hii, na huko akhera nifike nikiwa bado mwali wa eda?"

"Sijui, Bi Mize."

"Fundi hajui. Haya." Aliokota jivu kidogo mekoni, akalipuliza kutoka kiganjani. "Siku ya maziko watani wote walifanya kazi yao. Sefu alilala juu ya jeneza akasema haliondoki mpaka ashonewe soli. Maulidi akavaa kofia ya marehemu kinyumenyume. Nililia nikacheka, nikacheka nikalia, ndivyo inavyotakiwa. Wewe ulisimama kama mwiko uliosahauliwa chunguni. Hata neno moja."

"Nililikosa neno."

"Ulilikosa, au ulilitoa pamoja na chumvi?"

Kidawa aliinama. Maneno hayo hayakusemwa kwa hasira, na ndiyo maana hayakuwa na mahali pa kushikwa.

"Sikulaumu," Bi Mize alisema. "Nauliza tu. Kazi yangu miaka thelathini na nne ni kuuliza. Wamepita hapa walioua chui na walioua shemeji zao. Wote nimewamiminia, wote nimewauliza, na wote wameniambia. Sasa ameuawa wangu mwenyewe, na mimi ndiye wa kwanza katika mji huu kukosa wa kumuuliza."

Mlango ukabishwa. Ulikuwa wito kutoka Ghala: fundi aje upesi, mtutu mmoja umeota kutu.

*

Mkuu wa Ghala aliitwa Haroub, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kujipangusa mikono ya kanzu hata pasipokuwa na vumbi. Aliipanga mitutu sita juu ya meza ndefu, na jua la asubuhi likaingia dirishani likailalia.

"Wa nne," alisema. "Tazama kwa nafasi yako, fundi."

Kidawa hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Ilikuwa bunduki ya kaka yake, iliyotiwa mtutu mpya. Katika mji ule bunduki haikuachwa ikae bila jina, na mtu aliyeichukua alichukua na jina la aliyeitangulia. Kijana wa miaka ishirini na sita aliyeibeba sasa alikuwa Shomari, hakuwa na jina lingine, na alipokutana na Kidawa njiani alisema, "Shikamoo, dada," naye akamwitikia, "Marahaba, kaka," ingawa angeweza kuwa mama yake. Mwanzoni ilimwuma. Baadaye ikawa kama kovu ambalo mkono hulipapasa ukiwa na mawazo mengine.

Alitazama mara ya kwanza. Alitazama mara ya pili kwa kioo. Mara ya tatu alipitisha uzi mweupe, akautoa, akausoma.

Kutu ya chumvi huanzia nyuma, karibu na ilipokaa fataki, na huja kama ndui, vishimo vishimo. Huko nyuma palikuwa safi kama maji ya mtungi. Kutu hii ilikuwa mbele, ndani tu ya mdomo wa mtutu, upande mmoja, nyembamba kama ulimi wa mjusi. Ni pale ambapo tone husimama bunduki ikiegemezwa mdomo chini ili ichuruzike. Mtu alikuwa ameuosha mtutu huu. Aliuosha kwa maji baridi, kwa kuwa yaliyochemka yangejikausha yenyewe. Aliuosha upesi na kwa kificho, mahali ambapo hapakuwa na meko wala mtu wa kuuliza swali.

Na hakuwa na sababu ya kuuosha. Amri ilisema usioshwe. Fataki haikuacha kitu cha kuoshwa. Angeuweka tu ukutani akalale, leo ungekuwa unameta kama mitano mingine. Lakini mkono uliolelewa na birika haukubali kulala na mtutu uliosema na mtu.

"Umekwisha kuona," Haroub alisema.

"Natazama bado."

"Usinijibu sasa. Sikia tu ninavyolielewa mimi, unirekebishe." Alipangusa mkono wa kanzu. "Ukisema kutu hii ni ya fataki yako, basi fataki yako ni ileile ya zamani iliyovaa nguo mpya. Tutazimwaga ziwani zote, mabirika yatarudi motoni, na huyu kijana hana kesi, maana kutu ya fataki mbovu humpata yeyote. Ukisema si ya fataki, basi fataki ni safi, aliyeosha alikuwa na la kuosha, na tunaye. Atavuliwa bunduki na jina kama sheria inavyotaka. Na fataki yako itakwenda malango yote, na meko yote yatazimwa, kwani tutachemsha maji ya nini? Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mimi nitaridhika na lolote," alisema, na Kidawa aliona kwamba ni kweli, na kweli hiyo ikamtisha kuliko tisho. "Jua likifika utosini, uje langoni uniambie sentensi moja."

*

Kijana alikuwa akimsubiri nyuma ya karakana, amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, bila bunduki, na pasipo bunduki alionekana kama nyumba isiyo na mlango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Hukusema kaka leo."

Kidawa alifungua mlango, hakumkaribisha, hakumfukuza. Kijana aliingia, akasimama mbele ya ukuta wa vibamba. Mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja kwenye msumari wake, kuanzia vyekundu kama udongo hadi kile cha mwisho.

"Sema ni fataki," alisema. "Neno moja tu. Hakuna atakayeumia. Mabirika yatarudi, Bi Mize atapata kazi yake, watu watapata Jumatano yao. Si ndivyo?"

"Na Ngwali?"

"Ngwali amezikwa." Aligusa kibamba kimoja kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole. "Wakinivua jina, dada, anayekufa si mimi. Mimi nilikuwapo kabla ya Shomari, nitakuwapo baada yake. Nilikuwa nani sijui, lakini nitakuwapo. Anayekufa ni kaka yako. Mara ya pili."

Kidawa alikinyoosha kibamba kile kwenye msumari wake.

"Unakumbuka uliponibeba mgongoni kuvuka mto? Nikaangusha ndara yako moja. Ukamwambia mama imeliwa na mbwa."

Hakuna aliyejua jambo lile. Mama yake alikuwa mavumbini, kaka yake alikuwa mavumbini, na yeye hakuwahi kumsimulia mtu. Huenda jina huja na mizigo yake yote, pamoja na ndara moja ya mtoto iliyochukuliwa na maji. Huenda bunduki hukumbuka mambo ambayo hazikuambiwa. Alimtazama usoni mara moja, akaona kijana asiyemjua. Mara ya pili akaona kidevu cha kaka yake. Mara ya tatu hakutazama.

"Ulikuwa unataka nisife kwa kutu," kijana alisema polepole. "Ndiyo kazi yote hii. Sasa usiniue kwa kuikosa."

Aliondoka. Kidawa akabaki na ukuta.

Kitu kisichoacha alama, kimetendeka? Weka kibamba. Unguza. Tundika. Subiri. Andika: hakuna. Basi hakuna. Lakini Ngwali yuko. Hapana, Ngwali hayuko, na kutokuwako kwake kuko kila mahali, kunakaa mlangoni pa kibanda chake, kunashika sindano. Alama haikufutika, basi. Ilihama. Nilidhani nimeiondoa kutu duniani, kumbe nimeitoa kwenye chuma tu, ikatoka ikitafuta pa kukaa, ikakaa kwenye siku. Siku ndiyo iliyoota kutu. Jumanne imekwama kwenye bawaba zake.

Nilitaka nini? Nilitaka asife. Ni kosa hilo? Lihesabu vizuri. Nilitaka chuma kisimwume mwenye kukishika. Na chuma kisichomwuma mwenye kukishika kinamwuma nani?

Nikidanganya, mabirika yatarudi. Uongo wangu utarudisha swali. Lakini swali litakalorudi kwa uongo litauliza kwa mdomo gani? Na nikisema kweli, kweli yangu itayazima meko yote. Kweli ya leo itaziba midomo ya kesho yote. Kwa hiyo. Kwa hiyo nini? Andika. Kalamu iko wapi? Kibamba namba mia mbili na kumi na mbili kinameta. Ndani yake mna mwanamke. Ana nywele nyeupe upande mmoja. Hajapiga bunduki maisha yake yote. Mikono yake ni safi, itazame, safi kabisa, hata chumvi haina.

Jua lilikuwa linapanda.

*

Watu walikuwa wamejaa langoni, na hakuna aliyefanya fujo. Siku tisa za Jumanne zilikuwa zimewachosha hata ugomvi. Walinzi sita walisimama ukutani. Bi Mize alikuwa ameletwa, kwa ruhusa, akaketishwa kando ya meko yake ya baridi. Haroub alinyoosha kiganja kumpisha fundi.

Kidawa alisema kwa sauti yake ndogo, na wakainama kumsikia.

"Fataki yangu haili chuma, kutu hii ni ya maji baridi."

Ilikuwa imekwisha. Sentensi moja, maneno kumi. Kelele iliyopanda haikuwa ya hasira wala ya furaha, ilikuwa ya watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Karani wa Ghala akaandika kwamba fataki imekubaliwa kwa malango yote. Shomari alitazama mbele, kisha akatoka mstarini mwenyewe, akauchukua mtutu wake mezani, akauleta mpaka kwenye jiwe. Hakuna aliyemwita.

"Hakuna moto," alisema.

"Moto si kazi," Bi Mize alijibu. Mikono yake ilijua ilichokuwa ikifanya. Kuni zililetwa, maji yakaletwa, na watu wakasubiri mpaka mabirika yakaanza kuimba, jambo ambalo lango lile halikuwa limelisikia kwa karibu mwezi mzima.

Alimimina la kwanza. Mvuke ukapanda ukawaficha wote wawili.

"Imesema nini?"

"Imesema mara moja."

Alimimina la pili.

"Imemwambia nani?"

"Mzee Ngwali." Kijana aliugeuza mtutu juu ya jiwe. "Nilikuwa nimempa kiatu changu anishonee. Nilisimama zamu na kiatu kimoja, hiki kingine nilikitwaa baadaye kwenye viatu vya akiba. Jua lilikuwa kali, mtu akatokea kwenye mavumbi anakimbia, ameinua kitu mkononi. Tumeambiwa miaka yote kwamba watakuja. Nikasema, wamekuja. Alipoanguka nikamwona ni yeye, ananiletea kiatu. Alikuwa anakimbia nisiungue mguu."

Bi Mize alishika birika la tatu kwa mikono yote miwili, na kwa muda ilionekana kama atalimimina mahali pengine. Kisha akaliinamisha juu ya mtutu, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Alikuwa na haraka siku zote," alisema. "Hata chakula alikula amesimama."

Sheria ikafuata mkondo wake. Kijana alivuliwa bunduki na jina, akapelekwa kwenye kibanda cha Ngwali akaketishwa kwenye kigoda chake, ashone viatu vyote ambavyo marehemu aliviacha havijashonwa, na asiitwe kitu mpaka amalize. Kidawa alisikia jina la kaka yake likifutwa ubaoni kwa kitambaa kikavu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayefagia chumba kidogo.

Jua lilipozama baragumu likapulizwa. Watu wakalala wakitabasamu.

Kulipokucha muuza maandazi alipita chini ya dirisha, akafungua kinywa, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba radhi, "Ya Jumanne."

*

Kidawa hakushangaa. Alikuwa ameketi tangu alfajiri mbele ya ukuta wake, amekwisha kutazama mara tatu.

Alikitoa kibamba namba mia mbili na kumi na mbili kwenye msumari, akakiweka kiganjani, akashuka barabarani. Alipita Lango la Kusini, ambako walikuwa wakimwaga maji juu ya meko. Alipita la Magharibi, ambako mmwagaji mmoja alikuwa akigawa mabirika yake kwa majirani wachemshie chai. Masanduku ya fataki yalikuwa yakishushwa kwenye mkokoteni, na walinzi walimpungia mkono. "Fundi, umetuokoa," mmoja alisema. "Tulikuwa tunaunguza vidole." Aliitikia kwa kichwa.

Bi Mize alikuwa uani. Moto wa jana ulikuwa haujafa, alikuwa ameulisha.

"Nilijua utakuja," alisema. "Wenye akili huchelewa, lakini hufika. Umeleta nini?"

Kidawa akaonyesha.

"Hicho si bunduki."

"Hapana."

"Na wewe hujapiga."

"Sijapiga."

Bi Mize alimtazama, kisha akavuta jiwe kwa mguu, akalisogeza katikati yao. "Shika vizuri. Na usirukeruke, maji yangu hayamjui mtani."

Kidawa alikishika kibamba kwa ncha za vidole juu ya jiwe. Birika la kwanza likaja, na moto wake ukapanda vidoleni mpaka kwenye viwiko, naye hakuachia.

"Imesema nini?"

Alifungua mdomo. Miaka yote ya daftari ilimjia, tarehe zote, na hakuna iliyofaa. "Imesema kwamba mtu anaweza kutenda na isijulikane," alisema. "Sikuikusudia iseme hivyo. Lakini ndivyo ilivyosema."

Birika la pili.

"Imemwambia nani?"

"Ngwali kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo hata Bi Mize akainama. "Yule kijana. Wewe. Na wengine, Bi Mize, wa malango yote, ambao siwajui majina. Wengine hawajafa bado."

Bi Mize alikuwa ameshika birika la tatu hewani. "Hao utawatajaje?"

"Sitaweza kuwataja. Nitakuwa nakuja. Kila siku nitakuja, na wewe utaniuliza."

"Kuna kila siku, basi?" Bi Mize alisema. "Haya. Na siku moja nitamwuliza mtani wangu, nione kama amepata neno la kumtania marehemu."

"Mwambie," Kidawa alisema, akatafuta, na neno likaja limechelewa, dogo, lenye chumvi, "mwambie kiatu alichokifia hakikuwa hata cha kulipiwa vizuri. Soli ilikuwa ya mpira."

Bi Mize alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikarudi kama kilio, kikatoka tena, na mikono ilipotulia alimimina birika la tatu, na ua ukanyamaza.

Lakini birika hilo lilikuwa limekaa mikononi mwake muda mrefu wakati wa kucheka, na maji yalikuwa yamepoa. Kibamba hakikujikausha. Kidawa aliona tone limesimama ukingoni mwake. Alikuwa na kitambaa mfukoni, kikavu, kilichokunjwa, kama siku zote.

Hakukitoa. Alikwenda nyumbani akakitundika kibamba kwenye msumari wake na tone lake, mahali ambapo lazima akione kila anapoingia.

Asubuhi alipofungua macho alikwenda ukutani kwanza. Palikuwa na doa, jekundu, si kubwa kuliko punje ya mtama. Alichukua daftari, akaandika namba, akaandika "maji", kisha kalamu ikasimama mahali pa siku. Chini barabarani muuza maandazi alikuwa ameanza kunadi, na Kidawa akainua kichwa kusikiliza kabla ya kuandika.

"Ya moto," yule mtu alikuwa akisema, akionja neno kama chai ya moto mno. "Ya moto. Ya Jumatano."